Maji Safi ya Samaki

Nikisikia harufu ya klorini, hata hapa mjini, vidole vyangu hukumbuka changarawe yenye utelezi.

Dada yangu alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki nyingi, na tangi lake la kioo, lenye samaki watatu wadogo, lilikuwa limegeuka kijani. Lilinuka kama tope. Nilitaka akirudi akute maji yanayong'aa. Basi nikamwaga yote, nikasugua changarawe kwa majivu, kisha nikajaza tangi kwa maji bora kuliko yote nyumbani: yale ya kunywa, yaliyochotwa kwenye mchanga wa mto na kuletwa na punda, ambayo mama alikuwa ametoka kuyatia dawa ya klorini.

"Maji ya kunywa unapatia samaki?" susu, nyanya yetu, akauliza. "Na mbuzi nao wapewe nini, soda?"

Kufikia jioni samaki wote walikuwa wakielea ubavu. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa inayotulinda sisi huwaua wao. Susu alisema ni mapenzi ya Mungu. Nikamuuliza Mungu ana shida gani na samaki.

Kisha dada akapiga kwenye simu ya baba, nikapewa niongee naye. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"We, maji ya samaki ulibadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Ni safi?"

Nikalitazama tangi. "Safi kabisa. Unaona mpaka chini."

"Basi usiyaguse tena mpaka nikuje nione."

Sikuyagusa tena, na dada hakurudi kuyaona. Yalikaa pale dirishani, yakipungua kidogo kidogo, hadi yakakauka.