Boga Lililoliwa Kabla ya Halowini

Katika Perry Barr nzima, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, hapakuwa na boga lililokutana na Koko Jeanne likaliona jua la kesho yake. Koko, ndivyo wajukuu wa Kivu, kule Kongo, wanavyomwita bibi, alizaliwa Walungu, ambako kwa maneno yake boga moja lilikua hadi mvua ikinyesha ukoo mzima ukahamia ndani yake pamoja na mbuzi. Mjukuu wake Sylvie alikuwa ameisikia habari hiyo tangu utotoni, na kila ikisimuliwa mbuzi walikuwa wamezaana.

Kwa hiyo asubuhi ya Halowini, sikukuu ya huku ya mizimu na kutishana, bibi alipoteremka jikoni akakuta boga limekaa mezani, nono, jekundu kama shavu la mzungu aliyeanikwa, alijua binti yake Mireille amemkumbuka. Mireille alikuwa ameshatoka kwenda Harborne, kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee. Sylvie alikuwa bado amelala, maana shule zilikuwa zimefungwa. Koko akamenya, akakata, akainjika. Mtoto alipoamka, boga lilikuwa limepondwa ndani ya sufuria na maganda yamo kwenye pipa.

Sylvie akaketi kwenye ngazi na kulia. Alieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na Koko akaokota maana kipande kipande. Boga lile lilikuwa la kutobolewa macho, litiwe taa, liwekwe mlangoni. Usiku huo watoto hupita wakiomba peremende, na hawagongi nyumba isiyo na boga nje. Iqra wa darasani kwake alikuwa ameahidi kupita jioni na wenzake, wakiliona. Na tangu wahamie mtaa huu mwezi wa nane, hakuna mtoto aliyewahi kugonga mlango wao.

"Boga la kuweka nje lioze?" Koko aliuliza. "Mwana wangu, hata ibilisi mwenyewe angelipika."

Sylvie hakucheka, na hapo Koko akajua mambo ni mazito.

Wakatoka kutafuta jingine. Dukani lilibaki moja tu, limebonyea upande mmoja na kunuka. Wakarudi mikono mitupu. Koko akazungukazunguka jikoni mpaka mguu wake ukagonga dumu tupu la mawese chini ya sinki. Dumu lile la plastiki lilikuwa jeupe siku lilipotengenezwa, lakini mawese yalikuwa yamelipaka rangi ya boga ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Akalinyanyua dirishani. Likawaka.

Sylvie akafuta machozi, akachora macho kwa kalamu. Koko akakata kwa kisu cha samaki, akasisitiza mdomo uwe na mapengo kama wake. Mama Jaspal wa nyumba ya pili akawapa taa ndogo za betri zilizobaki kwenye sikukuu yao ya Diwali. Mifuko myeusi ya taka ikakatwa maumbo ya popo, yakaning'inizwa dirishani. Koko alisema mizimu haina ruhusa kuingia kwa Mkristo, ila popo ni kiumbe wa Mungu kama kuku. Ukabaki utando wa buibui. Koko akapanda chumbani kwa Mireille, akashuka na pakiti ya nywele za kusukia, akazichambua na kuzitandaza mlangoni kote. Sylvie alipouliza kama mama atakubali, bibi aliziba sikio moja.

Giza lilipoingia wakaliweka dumu nje mlangoni, wakawasha. Kundi la kwanza la watoto likapita ng'ambo ya barabara, likatazama, likaenda zake. La pili vilevile. Sylvie akaondoka dirishani. Koko akarudi jikoni. Akachanganya boga lile lililopondwa na unga na sukari, akaanza kukaanga mikate, na dirisha la jikoni akaliacha wazi makusudi.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Iqra na wenzake, wamepaka nyuso, pua zimeelekea jikoni. Hawakuomba peremende kwanza. Walitaka kujua kile kinachowaka ni kichwa cha nani.

"Waambie ni cha mjomba wangu," Koko alisema, akigawa mikate. "Alikunywa mawese dumu zima."

Sylvie akatafsiri. Kiingereza cha Koko ni kidogo, lakini hesabu anaijua, na alimsikia mjukuu wake akisema madumu matatu. Kisha akawatia kwenye hadithi na wale mbuzi wa Walungu, ambao bibi hakuwataja kabisa. Watoto wakakaa palepale ngazini wakitafuna, wakitaka iendelee, na wale wa ng'ambo wakavuka barabara.

Mireille akafika katikati ya umati ule, mkoba begani. Akautazama utando. Akaushika kwa vidole viwili.

"Mama, hizi si nywele zangu za Jumapili?"

Koko akamgeukia Sylvie, macho makavu. "Mwambie mama yako," alisema, "nazo ni za mjomba."