Sinia la Mama Emilia

Siku za ruksa ya biashara zilipoingia Newala, wengi walikimbilia kuuza mitumba. Dorika, mama yake Emilia, alikwenda Masasi akarudi na masinia, sahani na kabati la kioo, akafungua mgahawa jirani na stendi. Chapati nzuri alizipanga mbele ya kioo. Zilizoungua aliwauzia walaji wa alfajiri, wakiwa bado na usingizi. "Mteja hununua kwa macho," alikuwa akisema. "Mdomo unakuja baadaye kulalamika."

Ndipo kampuni ya kuchimba visima ikapiga kambi Kitangari, ikatafuta mpishi wa kuwalisha mafundi msimu mzima. Msimamizi wao, Mjapani aitwaye Tanabe, alisema atakula kwa Anselmo, mwenye mgahawa mwingine pale stendi, kesho yake kwa Dorika, kisha achague. Dorika aliitaka mno kazi hiyo. Pale stendi migahawa ilikuwa imezidi walaji.

Anselmo alisikia Wajapani hula tambi, akampikia Tanabe tambi za sukari na iliki. Alizila kwa adabu tu. Dorika alicheka, lakini naye akaenda kuuliza. Mwalimu Fortunatus, aliyewahi kwenda semina Dar es Salaam kwenye hoteli kubwa, alimhakikishia: "Mjapani anataka sahani kubwa, chakula kidogo, na ua pembeni."

Basi Tanabe alipoingia na mafundi wake wawili, Petro na Mussa, Dorika akamwekea kila mmoja sahani pana yenye vipande vitatu vya muhogo, kipapatio cha kuku na ua jekundu.

Petro akaikodolea macho. "Shikamoo, Mama Emilia. Hiki chakula au sampuli?"

"Marahaba. Kula, wacha maneno."

"Ale nini, ua?" akadakia Mussa. "Kwetu Mnyambe mgeni akiwekewa hivi anatafuta mkoba wake aondoke."

Tanabe, ambaye Kiswahili kilikuwa kimeshamkolea, alicheka hadi akavua miwani. "Nani kakufundisha, mama?"

"Mwalimu."

"Hayo ni mambo ya Kyoto. Mimi natoka Kochi, pwani ya kusini. Kwetu sherehe ni sinia moja kubwa: samaki, vya kukaanga, vitamu, vyote humo humo. Kila mtu anajichotea, mpishi naye anakaa anakula."

"Kumbe na ninyi ni watu!" Dorika akazikusanya sahani hapo hapo.

Jikoni kulikuwa na chakula cha nyumbani: ugali wa muhogo, kisamvu, kuku aliyebaki, samaki mzima wa kukaanga. Akashusha sinia kubwa kuliko yote, akataka kumimina. Tanabe, aliyemfuata, akamzuia.

"Usimimine. Panga. Samaki akae katikati kama anaogelea, kichwa kushoto."

"Kushoto kwa nani? Walaji wanalizunguka sinia."

Tanabe akalizunguka sinia, akarudi pale pale alipoanzia.

"Haya, kushoto kwako, wewe mgeni. Lakini katikati ni ugali. Au wauchote mlangoni?"

Wakapatana: ugali katikati, samaki akauegemea, mkia juu. Tanabe akatenganisha kisamvu na kuku kwa vipande vya mabibo ya mkorosho, vyekundu kwa vya njano, akarundika korosho kwenye jani la mgomba. Dorika akarudi nyuma akatazama. Hata yeye angelinunua sinia lile.

Lilipotua mezani akabaki amesimama na birika la kunawisha. Tanabe hakugusa kitu, akasogeza kiti kitupu. "Mpishi akae."

Petro na Mussa wakatazamana. Wanaume hula lao, mama hula jikoni, ndivyo walivyokua.

"Nikikaa nani atanawisha?"

"Petro."

Dorika akaona kazi inaning'inia kwenye kiti kile. Akakaa. Petro akanawisha watu akinung'unika, jicho kwa samaki.

Sinia lilipofika nusu Tanabe akauliza, "Kitangari unakuja lini?"

Dorika akameza tonge kwanza. "Nitakuja. Ila maji ya kisima cha kwanza yaanze jikoni kwangu. Sipiki msimu mzima nikisubiri ndoo za kununua."

"Sawa."

"Na kuni zije kwa gari lenu."

Tanabe, mdomo umejaa kisamvu, akaitikia kwa kichwa. Dorika akamega tonge jingine, kubwa zaidi.