Lenzi Iliyokuwa Ndani ya Boksi la Ishirini

Juma lililopita nilikuwa Mafiga, nyumbani kwa dada yangu, nikamkuta binti yake wa kidato cha tatu ameinamia daftari. Alikuwa anakokotoa ukubwa wa taswira inayotokana na lenzi nyembamba. Hesabu ilikuwa safi. Nikamuuliza mshumaa waliuweka umbali gani kutoka kwenye lenzi.

"Mshumaa gani, mamdogo? Vipimo tumepewa ubaoni. Lenzi yenyewe sijawahi kuiona."

Nikabadilisha mazungumzo, nisije nikawaharibia watu chakula cha mchana. Lakini wewe nitakusimulia, kwa sababu hasira iliyonipanda pale mezani ina umri mkubwa kuliko binti yule.

Shule yetu ilikuwa pale mteremko wa Uluguru unapoanza kulegea kuelekea mjini. Asubuhi nyingi nilishuka na bibi, yeye akiwa na tenga la karoti, giligilani na maharage mabichi kichwani, mimi viatu mkononi mpaka tuvuke mto. Njia nzima nilitembea nyuma ya harufu ya giligilani na udongo mbichi. Bibi hakujua kusoma, ila alipima kila kitu upya. Mchuuzi akimwambia debe limejaa, alilitikisa kwanza. "Usione kwa jicho la mwenzio," alikuwa akisema.

Maabara ilinuka spiriti na popo. Tulikuwa na lenzi moja tu, nene katikati na nyembamba pembeni, iliyolazwa kwenye pamba ndani ya boksi la karatasi ngumu. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa ishirini kwa wino mwekundu. Hizo zilikuwa sentimita za fokasi, yaani umbali ambao mwanga unaotoka mbali sana hukusanyika ukishapita kwenye lenzi.

Mwisho wa kidato cha pili tulipewa jaribio la vitendo, na alama zake ndizo zilizoamua nani aende mchepuo wa sayansi. Nilitaka kwenda sayansi. Sikuwa na mpango mwingine wowote.

Tuliingia mmoja mmoja. Nje, wenzangu walikuwa wameshakubaliana: boksi linasema ishirini, kwa hiyo anza na jibu, halafu rudi nyuma utengeneze vipimo. Tuliita kupika data, na wapishi walikuwa wengi. Mshumaa ulisimama sentimita thelathini kutoka kwenye lenzi. Ukiamini boksi, taswira ingetokea sentimita sitini upande wa pili, na mwali wa sentimita mbili ungeonekana wa sentimita nne.

Niliweka karatasi ya kupokelea taswira kwenye sitini. Nikaona ukungu wa njano. Nikaivuta karibu polepole, na ilipofika thelathini, mwali ukajitokeza kichwa chini, mkali kama uliochorwa kwa kalamu. Nikaupima kwa rula: sentimita mbili, kimo kilekile cha mwali wenyewe. Sura ya lenzi kitabuni tulikuwa tumeisoma sote. Taswira ikilingana na kitu, ujue kitu kimesimama mara mbili ya umbali wa fokasi. Nusu ya thelathini ni kumi na tano. Nikaandika kumi na tano.

Wenzangu thelathini na wanane walitazama ukungu uleule wakaandika sentimita nne.

Majibu yalipobandikwa, wao walikuwa na tisa na kumi. Mimi nilikuwa na sifuri, na kwenye karatasi yangu mwalimu wa fizikia alikuwa ameandika: Angalia boksi.

Kesho yake bibi hakupitiliza sokoni. Alitua tenga mlangoni pa maabara. Mwalimu akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, akauliza kama mjukuu wake ameongopa au amekosea. Mwalimu akaeleza habari za boksi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwomba apime yeye, yeye bibi akiona.

Sijui kwa nini mwalimu alikubali. Labda ni kwa vile bibi hakupandisha sauti. Mwalimu alisimama mlangoni, akaielekeza lenzi mlimani, akasogeza karatasi nyuma yake. Uluguru yote ikaingia kwenye karatasi ile, vilele vikining'inia chini kama popo. Nikashika rula. Kumi na tano. Mwalimu akaichukua rula, akapima tena mwenyewe.

"Ile ya ishirini ilivunjika," akasema. "Hii waliiweka baadaye, boksi halikubadilishwa."

"Basi mrudishie mtoto alama zake."

"Mama, nikimrudishia huyu, wale wengine nitawafanyaje?"

"Wapime upya. Mshumaa nitaleta mimi."

Mwalimu akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Akasema orodha imeshafika kwa mkuu wa shule. Kisha akairudisha lenzi kwenye pamba, akafunika boksi lilelile la ishirini. Aliponyoosha mikono kumtwika bibi tenga, bibi alikataa. Aliniita mimi, nami nikamtwika.

Miaka miwili iliyofuata nilisoma mchepuo wa sanaa, kwenye chumba kilichotazamana na maabara. Kila walipokuwa na vitendo nilisikia njiti za kiberiti zikiwashwa, na waliozikwangua ni wale walioandika nne. Nimewasikia watu wazima wakisema ni mambo ya utoto, yamepita. Yamepita wapi? Yule mwalimu alijua. Alipima kwa mkono wake, akajua, akafunika.

Siku hizi maabara ile ni stoo ya madawati mabovu. Lenzi hakuna anayejua ilikokwenda. Bibi tulimzika kwao mlimani, na mwalimu naye alikwishafariki, bila kuniambia neno. Nilikuwa sahihi, ndugu yangu, na watu wawili walioliona hilo kwa macho yao wote wako chini ya udongo.