Kofia ya Baba

Baba alikuwa mtu wa chama cha siri cha wanaume wa kwetu, Kivu ya Kusini, na mimi bintiye sijui hata siri moja. Nasema hivyo kwa kujivuna: alijua kufunga mdomo.

Tulichoruhusiwa kujua ni kidogo. Mtu wa chama hapigi mkewe, hamsemi mwenzake kisogoni. Anavishwa na ndugu zake wa chama kofia ndogo ya nyuzi yenye simbi, na huzikwa nayo. Anayezikwa bila kofia huhesabiwa kama aliyefukuzwa. Ya baba iliungua pamoja na nyumba tulipokimbia.

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alikataa kofia nyingine yoyote, jua la mtaa wetu wa Rubondo limchome litakavyo. Nilimnunulia moja nzuri mjini Mbarara. Akanishukuru sana, akaitumia kuwekea mbegu za maharage.

Alipolazwa hospitalini Mbarara, maumivu hakuyataja. Alitaja kofia tu, akiniita mama kama alivyozoea.

"Mama, batanizika kichwa wazi, sawa mutu mwenye balifukuza."

Nilikasirika. Nani wa chama angemwona huku ugenini?

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa bado wazi alipofika mzee auzaye unga wa muhogo katika soko la Base Camp, hapa kambini. Nilimfahamu kwa kofia yake ya sufu, aliyoivuta hadi masikioni hata kwenye joto. Sikuwahi kuwaona yeye na baba wakizungumza zaidi ya salamu.

"Munipe fasi," akasema. "Huyu njo ndugu yangu."

Akavua ile ya sufu. Chini yake kulikuwa na kofia ya nyuzi, simbi zake zimekwaruzika. Akaivua nayo, akamvisha baba taratibu, akamnong'oneza sikioni. Mhubiri wetu alikunja uso. Nilimkazia macho mpaka akarudi kwenye Biblia yake.

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Baba yangu alizikwa kama mkubwa.

Baadaye nilimfuata mzee njiani.

"Papa, mbona baba hakuwaomba kofia mapema?"

"Kofia haiombwagi, mama. Alijua niko nayo. Alinyamaza."

Ndipo nikaelewa ukubwa wa kunyamaza kule, nikajivuna upya. Kisha roho ikanipasuka.

"Na nyinyi, papa, siku yenu?"

Akacheka kidogo, akavuta kofia ya sufu juu ya mvi zake, akasema lazima awahi sokoni, unga wake ameuacha bila mtu.