Benchi la Mbele

Mwaka wa 1974 Nestor alivuka mpaka kutoka Aru, akawa anafundisha watu wazima kusoma katika chumba cha kanisa pale Koboko. Hakulewa, hakuchelewa. Lakini aliamini kwamba haki ni kumfundisha kila mtu kwa namna moja: mabenchi kwa mstari, ubao mmoja, wote kwa pamoja. Hiyo si haki. Ni uvivu uliovaa tai.

Eyotaru, mjane wa kijiji cha Lurujo, alikaa benchi la mbele kwa sababu jicho lake moja lilikuwa limekufa na la pili lilififia. Alitaka kujisomea kitabu chake cha nyimbo kabla giza halijamfunga. Mkwewe Soka, fundi wa baiskeli, alisomea nje dirishani, maana kwao mwanamume hakai karibu na mama wa mkewe wala hamtazami usoni.

"Soka, unasimama huko kama mbuzi nangoja maganda? Ingia!"

"Mwalimu, hapa naona muzuri tu."

"Shule yangu haina mwanafunzi wa dirisha."

"Mama-mkwe iko ndani, mwalimu."

"Hapa hakuna mkwe. Iko wanafunzi tu!"

Watu walicheka. Nestor akatoka, akamvuta kwa mkono, akamkalisha penye nafasi pekee: ubavuni mwa Eyotaru.

Kicheko kikakatika. Mama yule alijifunika uso kwa leso, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaenda zake.

Wiki mbili hakurudi. Nestor alishindwa kulitazama benchi lile, na alijua jicho lile halimngoji mtu. Mwishowe akaenda Lurujo. Viola, mke wa Soka, alimpokea uani.

"Mama amekasirika?"

"Hapana, mwalimu. Yeye nasikia haya juu yako. Anasema, mutu mukubwa hivi, nyumbani kwao hawakumufundisha?"

Masikio ya Nestor yakawaka moto.

Aliporudi aling'oa ubao ukutani, akaupaka rangi nyuma pia, akausimamisha mlangoni kama pazia kati ya ndani na baraza. Kila mstari aliuandika mara mbili, ndani na barazani, akijipenyeza pembeni.

"Mwalimu, leo wewe ndiyo mlango!" wakamtania. Hakucheka.

Kwa Eyotaru aliandika kwa mkaa juu ya vipande vya katoni, herufi kubwa kama kiganja, ili azisogeze karibu na jicho.

Mama aliposikia hayo, akarudi. Siku aliposoma mstari wa kwanza wa wimbo wake, barazani Soka aliacha kuandika, akasikiliza.

"Vizuri, mama," Nestor alisema, macho yake chini, kama mkwe.