Nyumba ya Chini ya Mteremko

Mwezi uliopita nilipanda gari hapa Bukavu kwenda Nyangezi kwenye msiba. Tulipofika kona iliyo chini ya mteremko, mkono wangu ulikamata kiti cha mbele wenyewe, kabla sijajua kwa nini. Nyumba ya bibi haipo tena pale. Wamepanda mikaratusi.

Wewe pengine ulikulia ukisikiliza mvua kwenye mabati. Mimi nilisikiliza malori. Kila likizo mama alitupeleka kwa bibi, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Malori yaliyojaa mbao yalishuka mbele ya mlango wetu, na bibi aliyajua kwa sauti. Lori linalonguruma kwa gia ndogo lilikuwa zuri. Linaloshuka kimya, bila gia, ndilo la kuogopa. "Mukisikia honi haiachi," alituambia, "musiangalie. Kimbieni juu ku migomba." Basi nilikula sikio moja likiwa barabarani, na hata leo nikisikia harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mawese, nanusa pia breki za malori zilizoungua.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika mchana. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mimi niliachiwa mdogo wangu, amelala kwenye mkeka mbele ya nyumba, mahali palipokuwa na jua. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nachambua maharagwe.

Kinu kilinyamaza. Kisha nikaisikia honi, ndefu, haipumui. Nikatupa ungo, nikakimbia. Nilifika kwenye migomba, nikaukumbatia mmoja, ndipo nikaona mikono yangu haina kitu.

Mdogo wangu alikuwa ameamka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anaangalia juu barabarani, anacheka. Bibi alikuwa anakimbia kutoka nyuma ya nyumba, mchi bado mkononi, naye alikuwa mbali. Nilibaki nimeukumbatia mgomba. Nataka uelewe hilo: sikujaribu hata kidogo kurudi.

Lori lilitokea kwenye kona, mbao zimeinama upande. Lilikuwa linakuja moja kwa moja kwetu. Halafu dereva akakata usukani upande wa mlima. Lori likapanda ukingo, likagonga udongo kwa kishindo, likalala ubavu, na mbao zikamwagika hadi karibu na mkeka. Karibu sana. Bibi alikuwa ameshamnyanyua mtoto.

Dereva alitoka kwa kupitia dirishani, damu ikimtiririka kwenye paji la uso. Alitembea kama mlevi.

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima, papa. Na weye uko muzima. Ikala."

Akakaa chini kwenye matope. Bibi alimfunga kitambaa, akamshikia kikombe cha chai, akamnywesha kama mgonjwa.

"Kwetu Katanga, reli inakata barabara," alisema. "Kamyo ya mwenzangu, lori kama hii yangu, ilizimika juu ya reli. Treni ikapiga honi, ikapiga, haikuweza kusimama. Niliona na macho yangu. Njo maana nilikuya huku ku milima. Nilisema, huku treni haiko." Akalia bila kujificha. "Leo njo miye nilikuwa treni."

Bibi alimwekea mtoto mapajani, akamwacha amshike.

Jioni nilingoja kuchapwa. Bibi alinisongea bugali, akaniwekea sombe, akaniketisha karibu naye. "Kula," alisema. Mama alipokuja kutuchukua, bibi alimwonyesha ukingo uliobomoka na kumsimulia habari za lori. Habari za migomba hakuzitaja, si siku ile wala nyingine yoyote, mpaka alipofariki.

Dereva sijui alielekea wapi. Barabara imepanuliwa, na watoto wanaoishi pale sasa hawajui kulikuwa na nyumba. Mdogo wangu ni mwalimu huko Kasha, ana watoto watatu. Mara nyingi ananiambia, "Yaya, mukubwa wangu, weye njo ulinilea." Nami namtilia chai, naangalia pembeni. Bibi peke yake ndiye aliyeniona nimesimama kule juu, na kwa kuwa hayupo, nimebaki mimi wa kusema, na bado sijamwambia.