Nyumbu kwenye Seng'enge ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi Kitengela kumsaidia mama kuhama. Tulipokuwa tukifunga vyombo nikasimama dirishani. Nje kulikuwa na ghorofa, na nyuma yake ghorofa nyingine, blanketi zimeanikwa kila mahali. Mama akaniita mara mbili kabla sijasikia.

Ungekuja kwetu nilipokuwa mdogo, rafiki yangu, ungeamshwa na nyumbu. Walikoroma gizani kama wazee wanaobishana, vumbi lao likiingia hadi kwenye chai. Baba alikuwa ametoka Murang'a, akanunua kipande cha ardhi, na kitu cha kwanza alichojenga, hata kabla ya choo, ni ua wa seng'enge. Mama alipanda mboga za sukuma. Kazi yangu ilikuwa kupiga sufuria kwa mwiko ili punda milia waondoke.

Nikiwa sekondari, mwalimu wa baiolojia alianzisha chama cha wanyamapori. Kila Jumamosi tulitembea mbugani na kijana wa Kimaasai aliyekuwa mlinzi wa wanyama, tukiondoa mitego ya waya. Alitufundisha kutofautisha nyayo za fisi na za mbwa. Nyumbani nilisikia kwamba kazi ni ofisi na viatu safi. Huyu alilipwa kukaa juani siku nzima, na nilimwonea wivu.

Jumamosi moja tukasikia mnyama akilia. Tukakimbia. Ndama wa nyumbu alikuwa amenasa kwenye seng'enge, mguu umechanika, na seng'enge yenyewe ilikuwa yetu. Kabla sijafungua mdomo, baba akatokea na viatu vyake vya gambuti, panga mkono mmoja, karai mkono wa pili, anacheka, akiniita mimi bintiye.

"Mami! Leo tumebarikiwa. Kuja ushike karai."

Wote wakageuka kunitazama. Mwalimu alinitazama kidogo tu, kisha akainamisha macho, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi.

"Mzee, nyama ya porini hairuhusiwi," mlinzi akasema.

"Na sukuma yangu, iliruhusiwa kuliwa?"

Wenzangu wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Mlinzi akatoa koleo, akavua koti lake na kuuliza nani atamshika. Nikapita mbele ya karai la baba bila kulishika, nikapiga magoti.

"Mfunike macho, asituone," akaniambia.

Nilihisi moyo wa yule ndama ukigonga kifuani kwangu. Waya zikakatwa moja moja. Akainuka, akaanguka, akainuka tena, akaenda akichechemea mahali mama yake alipokuwa akimsubiri. Watu wakapiga makofi. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshaingia ndani.

Jioni mama alipakua githeri. Baba akasukuma sahani yake.

"Leo nimeaibika," akasema, bila kupaza sauti. "Mtoto wangu ameniruka mbele ya watu, kama hanijui."

Mama alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Baba hakunikataza kuendelea na chama. Alirudisha seng'enge, akaifunga mara mbili. Tangu hapo chama chetu kilipita njia nyingine ndefu, mbali na kwetu. Mwalimu hakusema sababu, na kila mtu aliijua. Nilitembea nyuma yao wote, nikiangalia chini.

Baadaye nilisomea utunzaji wa wanyamapori. Nikajitolea Kajiado bila mshahara, nikibeba maji ya walinzi na kuosha vizimba, mpaka nikaajiriwa huku upande wa Loitokitok. Nasikia baba aliwaambia watu kanisani kwamba mimi ni daktari wa simba. Hakuwahi kuja kuona kazi yangu, nami sikuwahi kumwalika. Niliogopa atasema nini mbele ya wakubwa wangu. Sasa amezikwa Murang'a, na shamba limeuzwa.

Juzi nilikuwa na vijana wanaojitolea, wengine ni wa kutoka Kitengela hiyo hiyo. Tulisafiri tangu asubuhi ndipo tukaona kundi dogo la nyumbu kwa mbali, wakapokezana darubini. Msichana mmoja akaniuliza, "Madam, wewe uliwaona mara ya kwanza wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya jikoni."

Wakacheka sana, wakidhani ni utani. Nikachukua darubini, nikajifanya natafuta kitu.